Je, wajua kwa nini mtoto aliyezaliwa amechoka huweza kuzidiwa baada ya kupata hewa?

Mtoto katoka amelegea, kapauka, halii. Mkunga anamfuta kwa taulo, anamsugua mgongo, kisha anamwekea kinyago kidogo usoni na kuubana mpira wa hewa. Anabana tena na tena. Kifua kinainuka, halafu sauti inasikika, na chumba kizima kinashusha pumzi.

Kwa watoto wengi hatari huishia hapo kweli. Karibu mtoto 1 kati ya 10 huhitaji msaada ili aanze kupumua, na wengi wao kufutwa, kusuguliwa au kupuliziwa hewa kunawatosha. Ila kwa aliyekosa oksijeni muda mrefu, ubongo huumia mara mbili.

Mara ya kwanza ni pale oksijeni inapokatika: kitovu kimebanwa, kondo la nyuma limebanduka mapema, au mfuko wa uzazi umechanika. Mwili wa mtoto hujitetea kwa kuibania ngozi, matumbo na figo damu ili ubongo na moyo vipate. Ndiyo maana anatoka amepauka. Hali ikiendelea, hata ubongo hukosa, na baadhi ya seli hufa.

Hewa ikirudi, seli zilizosalia hupata nguvu na mtoto huonekana ametulia. Utulivu huo hudumu saa chache, 6 hivi au zaidi. Kisha seli zilizojeruhiwa huanza kuishiwa nguvu upya, ubongo huvimba, na degedege huingia, mara nyingi ndani ya siku ya kwanza. Degedege ya kichanga haifanani na ya mtu mzima: mdomo unatafuna bila kitu, macho yanakodoka upande mmoja, miguu inazunguka kana kwamba anaendesha baiskeli. Mzazi akiyaona hayo amwite muuguzi papo hapo.

Matibabu huwahi katika nafasi hiyo fupi. Kabla saa 6 hazijapita tangu kuzaliwa, mtoto hupozwa mwili hadi nyuzi joto 33 au 34, akakaa hivyo saa 72. Baridi hupunguza kasi ya ubongo kutumia nishati, na seli chache zaidi hufa. Majaribio yaliyotoka kuanzia 2005 katika nchi tajiri yalionyesha kwamba vifo na ulemavu hupungua. Lakini mwaka 2021, utafiti uliofanyika katika hospitali kubwa za India, Bangladesh na Sri Lanka ulikuta vifo vikiongezeka kwa waliopozwa. Kwa hiyo asijaribu mtu kumwekea mtoto barafu. Kuzuia joto la mwili lisipande, kuchunga sukari ya damu na kutibu degedege ni mambo yanayohitajika popote.

Je, atakuwaje akikua? Madaktari hupima ukali wa hali yake kwa ngazi tatu zilizopangwa na Harvey na Margaret Sarnat mwaka 1976. Wa ngazi nyepesi wengi hukua vizuri. Wa ngazi kali wengi hufariki, au huishi na mtindio wa ubongo, kifafa, upofu au uziwi. Wa katikati ndio wagumu kutabiriwa, na wazazi wao ndio wanaoteseka zaidi kwa kusubiri. Alama za Apgar, yaani zile mtoto anazopewa mara tu akizaliwa kwa kupima pumzi, moyo, rangi na ulegevu wake, zikiwa za dakika ya kwanza hazitoshi kutabiri. Za dakika ya 5 na ya 10 zina uzito zaidi, na siku mtoto anapoanza kunyonya mwenyewe ni habari njema kuliko zote.

Jambo moja linaniuma. Mtindio wa ubongo unapotajwa, mama huambiwa hakusukuma vizuri. Si haki! Visa vingi vya mtindio wa ubongo havitokani kabisa na kukosa hewa wakati wa kuzaliwa, na hata vinavyotokana nako, kitovu hakibanwi kwa uzembe wa mama.

Mtoto huyu arudishwe kliniki hata akionekana mzima. Akifikisha miezi 4 na shingo haijakaza, au ngumi bado zimefumba muda wote, mazoezi ya viungo yaanze sasa, wakati ubongo wake bado unaweza kujifunza njia nyingine.