Silikosisi si "TB ya vumbi"

Mtu akirudi Mwanza kutoka machimbo ya Geita anakohoa na kuhema kwa kupanda kilima kidogo tu, majirani wana jibu tayari: ana TB ya vumbi. Mwingine atasema ni pumu. Wa tatu atashauri maziwa, ati yanasafisha vumbi kifuani.

Kwa kifupi: yapo magonjwa zaidi ya 200 yanayoshambulia tishu nyembamba zilizo kati ya vifuko vya hewa na mishipa midogo ya damu ndani ya mapafu. Tishu hizo zikiota makovu huwa nene na ngumu, na oksijeni inapita kwa shida. Baadhi chanzo chake hakijulikani. Mengine huletwa na asbesto, vumbi la kinyesi cha ndege, nyasi zilizoota ukungu, hata dawa fulani. Linalotugusa zaidi huku ni silikosisi, ugonjwa wa vumbi la silika. Silika imo kwenye mwamba mweupe unaobeba dhahabu, na imo pia kwenye haya mawe ya vilima vyetu yanayogongwa kokoto.

Pumu tuimalize haraka. Yenyewe inakaa kwenye mirija ya hewa: inabana, inaachia. Vumbi la pamba kwenye vinu vya kuchambulia nalo husumbua mirija. Mfanyakazi anabanwa siku ya kwanza baada ya mapumziko, kisha anapata nafuu wiki inavyosonga. Kovu la silikosisi haliachii. Dawa ya kuvuta haililainishi.

Maziwa nayo yanapita kwenye umio kwenda tumboni. Yakifika mapafuni, umepaliwa.

Shida kubwa ipo kwenye TB. TB inaletwa na bakteria, inaambukiza, inatibika. Silikosisi haiambukizi, na hakuna dawa inayoondoa kovu. Lakini kwenye picha ya kifua zote mbili hupenda kuweka vivuli sehemu za juu za mapafu, ndiyo maana wapo wachimbaji wanaorudishiwa dawa za TB mara ya pili na ya tatu bila bakteria kuonekana kwenye makohozi.

Hapo wajuaji wanakimbilia upande wa pili: "Basi si TB, ni vumbi tu." Hilo "tu" ndilo linaloniudhi kuliko yote. Punje za silika zinazoua ni ndogo mno, hazizidi mikromita chache. Kijana wa karasha, mashine ya kusaga mawe, anayetoka kazini nyusi nyeupe pee anakung'uta lile vumbi kubwa; lile dogo ameshalivuta, na kitambaa alichojifunga puani hakikulizuia. Likifika kwenye vifuko vya hewa, seli za ulinzi zinalimeza. Haziwezi kulisaga. Zinakufa, punje zinatoka nzima, seli nyingine zinameza tena, na kila mzunguko unaacha kovu. Ndiyo maana mtu anaweza kuacha machimbo, akafungua duka, na ugonjwa ukaendelea kukua. Kwa kawaida huchukua miaka 10 au zaidi kujitokeza, ingawa vumbi likiwa zito sana, kama la kusaga mawe makavu ndani ya banda, linaweza kumwangusha mtu mapema zaidi. Kumwagia mawe maji kunasaidia kuliko maziwa yote ya Usukuma.

Sasa, seli hizo hizo ndizo zilizotakiwa kumeza bakteria wa TB. Zikiharibika, mlango umebaki wazi. Mwenye silikosisi yuko kwenye hatari kubwa zaidi ya kupata TB, na anaweza kuwa nazo zote mbili kifuani kwa wakati mmoja.

Kwa aliyeajiriwa, jina lina hela ndani yake pia: silikosisi inayotokana na kazi ni ugonjwa wa kudai fidia, na kwa hilo upo Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi. "TB ya vumbi" haimo kwenye fomu yoyote.

Kwa hiyo dada akiniambia kaka yake ana TB ya vumbi, sibishani naye mbele za watu. Namuuliza tu kama makohozi yalipimwa, na kama daktari aliyeisoma picha aliambiwa kaka alikuwa akifanya kazi gani, na kwa miaka mingapi.