Deni la ada ya mtaa: si suala la kujaza fomu tu

Wengi walionunua nyumba katika mitaa yenye chama cha wamiliki wa nyumba huko Florida, Marekani, huamini kuwa jirani asipolipa ada ya chama, meneja wa chama anajaza fomu ya kudai deni hilo, anaipeleka ofisi ya kumbukumbu ya kaunti, basi. Wakili wa nini?

Sivyo. Mwaka 1996 Mahakama ya Juu ya Florida ilisema wazi kuwa kuandaa dai la deni linaloandikishwa juu ya nyumba ni kazi ya wakili, na hata hati ya kulifuta deni likishalipwa. Meneja anaweza kutunza hesabu na kutuma taarifa za mikutano. Hati ya dai hilo si yake kuiandaa.

Sababu ina uzito. Hati inahitaji maelezo ya kisheria ya kiwanja, si anwani ya barabarani tu. Ikishaandikishwa inaifunga mali mpaka deni lilipwe, na inaweza kuishia nyumba kuuzwa kwa amri ya mahakama. Makao ya familia hayafai kutegemea karatasi iliyokosewa.

Kuna na hili, ambalo wadaiwa wengi hawalijui: kabla ya kuandikisha, chama lazima kitume barua ya madai na kutoa siku 45 za kulipa. Kabla ya kufungua kesi ya kuuza nyumba, notisi nyingine, siku 45 tena. Barua hiyo ikikufikia, usiiweke kabatini. Majimbo mengine yana sheria zake.