Wanachuo na vijana wa kijiweni Moshi: yanayosemwa na yalivyo

"Kujifunza kwa kuitumikia jamii ni kufagia soko na kupiga picha."

Huo ni usafi. Wanachuo wakija na fulana zinazofanana, wakafagia Soko la Memorial na kuondoka mchana, wamefanya jema, wala sibezi. Kujifunza kwa kuitumikia jamii kunadai zaidi: kazi itokane na hitaji walilolitaja wenyeji, ihusiane na somo lililo kwenye ratiba, na baadaye watu wakae waulizane wameona nini. Hilo la mwisho ndilo linalorukwa sana, maana halina picha ya kurusha mtandaoni.

"Si ndiyo fildi ile ile?"

Hapana. Fildi unajaza logibuku na kutafuta uzoefu wa ajira yako ya kesho. Huku pande zote mbili lazima ziondoke na kitu.

"Chuo kinatoa, kijiwe kinapokea."

Hapa ndipo penye shida yenyewe. Chukua mikopo ya asilimia 10 ya mapato ya ndani ya halmashauri: 4 kwa wanawake, 4 kwa vijana, 2 kwa watu wenye ulemavu, bila riba. Kikundi cha bodaboda wa Pasua kikiutaka, kinahitaji usajili, katiba, akaunti ya benki na andiko la mradi. Mwanafunzi wa uhasibu kutoka Chuo Kikuu cha Ushirika anafika na fomu yake yenye safu ya "mapato kwa mwezi". Dereva anamtazama tu. Yeye hana mwezi, ana siku: kwanza hesabu ya bosi mwenye pikipiki, kisha mafuta, kula, halafu mchango wa kijiwe. Na kama yuko kwenye mkataba, ule wa kulipa mpaka pikipiki iwe yake, kuna mabosi wanaodai hesabu hata siku chombo kimelala gereji. Ukipiga wastani wa mwezi bila kuzihesabu siku hizo, marejesho yatakwama mapema. Kwa hiyo fomu inachorwa upya, na anayesema safu ziwe zipi ni dereva. Nani mwalimu hapo?

Mji huu haukupaswa kushangaa kwamba mwenyeji anaweza kumfundisha mwanachuo. Wakulima wa kahawa wa Kilimanjaro walikuwa na chama chao kikuu cha ushirika, KNCU, tangu 1933. Chuo cha Ushirika kikaja kufunguliwa 1963.

"Ni mambo ya Wazungu."

Jina lake la Kiingereza, service-learning, lilianza kutumika Marekani miaka ya 1960, ni kweli. Lakini miaka hiyo hiyo sisi tulikuwa tunalumbana juu ya jambo lile lile. Oktoba 1966 wanafunzi wa chuo kikuu Dar es Salaam waliandamana kupinga kulazimishwa kwenda Jeshi la Kujenga Taifa (JKT), na mamia wakarudishwa makwao. Machi 1967 Mwalimu Nyerere akatoa waraka wa Elimu ya Kujitegemea, uliotaka shule ziunganishe masomo na kazi, kama ya shamba. Azimio la Musoma la 1974 likataka kijana apite JKT na kufanya kazi miaka isiyopungua miwili ndipo aingie chuo kikuu. Wazo tulikuwa nalo. Utekelezaji ndio ulioteleza: shule nyingi shamba likawa jembe na adhabu, na somo la kilimo likabaki ubaoni, hakuna aliyewauliza watoto kwa nini mahindi ya mstari ule yamedumaa.

"Muhula ukiisha, kazi imeisha."

Kwa mwanachuo, labda. Kikundi kinabaki na daftari na deni. Kwa hiyo makubaliano ya mwanzo yaseme nani anashika vitabu wanachuo wakiwa likizo, na wenzao wa mwaka unaofuata wanaingia lini. Yaandikwe pale pale kijiweni, mwenyekiti na mweka hazina wakiwepo, na nakala ibaki kwenye faili la kikundi. Ikibaki chuoni peke yake, mhadhiri akihama nayo imehama.