Maisha Baada ya Kuondolewa Tezi ya Thairoidi: Maswali na Majibu

Swali: Nimeondolewa tezi yote ya thairoidi. Je, mwili utapata wapi homoni zake?

Jibu: Tezi hii ya shingoni hutengeneza homoni zinazoongoza kasi ya utendaji wa karibu kila kiungo, kuanzia mapigo ya moyo hadi joto la mwili, na ikiondolewa yote hakuna kiungo kingine kinachoshika nafasi yake. Mwaka 1883 daktari mpasuaji Theodor Kocher wa Uswisi alieleza jinsi wagonjwa aliowaondolea tezi nzima walivyodhoofika mwili na akili, kwani wakati huo hapakuwa na tiba. Leo ipo levothairoksini, kidonge chenye T4, homoni kuu ya thairoidi, ambayo mwili huibadilisha kuwa T3, homoni yenye nguvu zaidi, kadiri unavyohitaji. Virutubisho vya madini joto haviwezi kuchukua nafasi ya kidonge hicho, kwa sababu tezi iliyokuwa ikiyatumia madini hayo haipo tena.

Swali: Na aliyeondolewa nusu?

Jibu: Mara nyingi nusu iliyobaki hutosha, lakini apimwe damu ili ithibitike.

Swali: Niliacha vidonge kwa siku kadhaa na sikuona tofauti. Je, bado navihitaji?

Jibu: Unavihitaji maisha yako yote. Hali hii huwapotosha wengi, nami naisisitiza kwa sababu madhara yake ni makubwa: T4 hupungua mwilini taratibu, takriban nusu yake kwa wiki moja, hivyo mtu huendelea kujiona mzima huku akiba ikiisha. Baadaye huja uchovu, kuhisi baridi, kufunga choo, uzito kuongezeka na mapigo ya moyo kuwa ya polepole. Upungufu ukikithiri, mgonjwa anaweza kupoteza fahamu na hata kufariki.

Swali: Nivimeze namna gani?

Jibu: Meza kwa maji matupu, tumbo likiwa halina kitu, nusu saa hadi saa moja kabla ya kifungua kinywa au kahawa. Vidonge vya madini ya chuma au kalsiamu vitenganishwe na levothairoksini kwa saa 4, kwa kuwa huzuia dawa isifyonzwe vizuri.

Swali: Nitajuaje kwamba dozi inanifaa?

Jibu: Kwa kupima katika damu TSH, homoni itokayo kwenye tezi ya ubongoni inayoiamuru thairoidi kufanya kazi, wiki 6 hadi 8 baada ya kuanza dawa au kubadilishiwa dozi. Usijiongezee dozi ukidhani utapata nguvu, kwa maana ikizidi huvuruga mapigo ya moyo na kudhoofisha mifupa. Aliyefanyiwa upasuaji kwa sababu ya saratani anaweza kuwekewa kiwango cha TSH tofauti na cha wengine, na mwanamke anayeshika mimba amwone daktari mara moja, kwani mahitaji ya homoni hupanda tangu wiki za mwanzo.

Swali: Baada ya upasuaji nahisi ganzi midomoni na vidoleni. Je, ni upungufu wa homoni hizi?

Jibu: Yaelekea ni upungufu wa kalsiamu. Nyuma ya thairoidi kuna tezi ndogo, kwa kawaida 4, zinazodhibiti kalsiamu ya damu, nazo huweza kujeruhiwa au kulegea kwa muda. Rudi hospitalini siku hiyohiyo. Na ikiwa misuli inakakamaa au unapumua kwa shida, nenda kwenye huduma ya dharura bila kusubiri.