Ana 91, Lakini Kachoka: Mtoe

Juzi jioni, kwenye kibanda changu cha gemu hapa Maweni, Malindi, nimelisikia tena neno lile kutoka kwa kijana anayecheza gemu ya mpira: "Kaka, huyu ana 91. Hata akichoka hawezi kuwa chini ya huyo wa 79." Nimelijibu kwa mdomo mara nyingi mno. Leo naliandika.

Ile 91, alama ya jumla ambayo gemu humpa mchezaji, ni ya mtu mwenye pumzi kamili. Kadi ya Mbappé kwenye gemu ya FC 25 inasema kasi 97, sawa, lakini haikuahidi kwamba utaikuta dakika ya 75 baada ya kukandamiza R2, kitufe cha mbio, tangu mpira uanze. Stamina, yaani pumzi, ikishuka, mbio zinashuka nayo. Kijana wa juzi alipenyezewa pasi safi, mbele yake kipa tu. Mstari wa pumzi chini ya jina ulikuwa umebaki kama ukucha. Beki wa kati, jitu zito, akamfikia kabla ya boksi na kumpokonya mpira kwa mguu, hata hakuhitaji kujirusha. Kijana akanigeukia akasema gemu imemwibia. Haikumwibia! Benchi ana winga ambaye hajakimbia hata hatua moja, sabu zote tano mkononi, na mechi ikaisha kafungwa moja bila.

Tano, jamani. Sheria hiyo ilikuja kwa muda mwaka 2020 wakati wa korona, ikawa ya kudumu 2022, na uwanjani kocha ana nafasi tatu za kusimamisha mchezo mbali na mapumziko. Wewe unazirudisha nyumbani zikiwa nzima, za nini?

Kinachoniudhi zaidi ni kuwa hata wanaobadilisha, hubadilisha straika. Straika husimama! Wanaoisha mapema ni mabeki wa pembeni unaowapandisha kila shambulizi, na yule kiungo anayetoka boksi hadi boksi. Hao ndio wa kuangalia dakika ya 60, na kama mnacheza dakika sita kila kipindi, hapo ni dakika nane tu za saa ya ukutani. Inafika upesi kuliko unavyodhani. Ukingoja ya 85, winga mpya atagusa mpira mara mbili na filimbi inalia. Mechi ya mtoano, bakisha sabu moja ya muda wa nyongeza.

Benchi lipange kabla ya mechi. Beki wa pembeni mmoja, kiungo mmoja, mawinga wawili wenye mbio, kisha wengine upendavyo. Namba kubwa zinazocheza nafasi moja hazikusaidii. Wakongwe wa PES, gemu nyingine ya mpira, walizoea kusoma kwanza mishale inayoonyesha hali ya kila mchezaji, na nyota mwenye mshale wa chini alianzia benchi bila mjadala. Tabia hiyo imepotelea wapi?

Panaponitatiza mimi ni kiungo mkabaji. Naongoza bao moja, amebaki nusu ya pumzi, ana kadi ya njano, na benchi sina mkabaji mwingine ila beki wa kati wa kumsogeza mbele. Nimewahi kumtoa nikapenywa katikati. Nimewahi kumwacha akala nyekundu. Kwa sasa namwacha hadi dakika ya 70, na kitufe cha kujirusha sikigusi kabisa nikiwa naye.