Je, wajua vipande vilivyotupwa ndivyo vilivyofichua uongo wa filamu ya Wanazi?

Mei 1942 wapigapicha wa Kijerumani, waliotumwa na Wanazi, yaani utawala wa Hitler, waliingia na kamera zao katika geto la Warsaw, Poland. Geto hilo lilikuwa sehemu ya mji iliyozungushiwa ukuta na kufungwa tangu Novemba 1940. Wayahudi zaidi ya 400,000 walibanwa humo, wakafa kwa maelfu kwa njaa na kwa maradhi yanayoenezwa na chawa. Kamera zilizunguka humo kama mwezi mzima, kisha filamu ikaachwa bila kukamilishwa, haina hata sauti.

Baada ya Vita Kuu ya Pili ya Dunia mikanda yake ilipatikana Ujerumani Mashariki. Kwa kuwa picha za video za ndani ya geto ni adimu, watengenezaji wa filamu za historia walichota humo kwa miaka mingi, na watazamaji wakaamini kwamba maisha ya geto yalikuwa hivyo hasa. Lakini mbona maiti wamelala njiani, na hapo hapo watu waliovalia vizuri wanakula na kunywa? Lengo la Wanazi lilikuwa kuonyesha kwamba Myahudi tajiri hana huruma hata na Myahudi mwenzake, ili njaa waliyoileta wao wenyewe iwe kosa la wenye njaa.

Jibu kamili lilikuja mwaka 1998, ulipopatikana mkanda mwingine Marekani, wa takriban nusu saa. Ulikuwa umejaa vipande ambavyo havikutumika. Humo watoto wawili waliochakaa wamesimama mbele ya duka, na mwanamke nadhifu anapita bila kuwatazama. Anapita tena. Na tena, mpaka mpigapicha aridhike. Mahali pengine mpigapicha mwenzake anajitokeza ndani ya picha kwa bahati mbaya.

Mwongozaji wa Israeli, Yael Hersonski, alivitumia vipande hivyo katika filamu yake ya makala ya mwaka 2010, A Film Unfinished. Kwangu mimi, uhodari wake ni kwamba hakuziacha picha zijisemee. Kando yake aliweka maneno ya waliokuwepo, akiwemo Adam Czerniaków, mkuu wa Baraza la Wayahudi la geto. Tarehe 3 Mei 1942 Czerniaków aliandika katika shajara yake kwamba wapigapicha walipanga igizo la watu wakija ofisini kwake na shida zao, kisha wakaondoa picha zilizokuwa ukutani, wakaweka mezani kinara cha matawi tisa chenye mishumaa yote imewashwa. Kinara cha aina hiyo huwashwa kwenye sikukuu ya Kiyahudi ya Hanukkah, wakati wa baridi. Mwezi Mei hakina kazi.

Tarehe 22 Julai 1942 Wajerumani walianza kuwasafirisha watu wa geto kwenda kuuawa katika kambi ya Treblinka. Kesho yake Czerniaków alijiua.

Hersonski aliwaketisha pia manusura wachache wa geto, sasa wazee, ndani ya ukumbi wenye giza, waitazame mikanda hiyo. Kuna anayeogopa kumwona mtu anayemfahamu. Na yalipotokea maua mezani, mama mmoja alishangaa: maua yalitoka wapi? Wangeyaona wakati ule, wangeyala.