Kufunga mwamba wa pweza: maana yake na unavyofanyika

Kufunga mwamba ni makubaliano ya wanakijiji kuacha kuchokoa pweza, yaani kuwatoa pangoni kwa kijiti, kwenye sehemu moja ya mwamba kwa muda maalumu, mara nyingi miezi mitatu, kisha kuifungua siku moja wavune wote. Sehemu nyingine hubaki wazi. Njia hii ilipata sifa kutoka kijiji cha Andavadoaka, kusini-magharibi mwa Madagaska, mwaka 2004. Leo inafanyika pia Kisiwa Panza huko Pemba, na Mafia.

Kwa nini pweza? Kwa sababu anakua mbio. Maisha yake ni mwaka mmoja hivi, au mwaka na nusu, na akiachwa miezi mitatu uzito wake unaweza kuzidi maradufu. Jike hutaga mara moja tu: hujifungia pangoni, hulinda mayai bila kula, na hufa yakishaanguliwa. Anayemchokoa wakati huo hupata nyama iliyokonda na kuyapoteza mayai yote. Lakini vitoto huchukuliwa na mkondo kwa wiki kadhaa, na huenda vikatua kwenye mwamba wa kijiji cha mbali. Faida ya uhakika kwa waliofunga ni uzito, na anayetoa elimu aseme hivyo wazi. Akiwaahidi watu bahari kujaa pweza kwa msimu mmoja, msimu wa pili hawatamsikiliza.

Kazi ngumu ni kuchagua sehemu. Wanawake huchokoa kwa miguu maji yakipwa. Wanaume wengi huzamia kwa miwani. Ukifunga mwamba wa karibu, wanawake ndio wanaokosa kitoweo na fedha ya kila siku. Ukifunga wa kina kirefu, siku ya kufungua wanaofaidi ni wazamiaji peke yao. Kikao cha wanaume peke yao hakiwezi kulitatua hili, na ndipo mipango mingi inapovunjika. Wachokoaji wenyewe waichore ramani, kwa majina wanayoyatumia wao, ndipo maboya yawekwe.

Doria huhitaji boti, mafuta na watu wa zamu, usiku na mchana. Wavuvi wa dago, wanaotoka mbali na kupiga kambi ufukweni, nao wapewe taarifa mapema, maana asiyejua mpaka hawezi kuuheshimu. Zanzibar kamati ya wavuvi ya shehia ndiyo husimamia. Tanzania Bara ni BMU ya kijiji, yaani kikundi cha wanakijiji cha kusimamia uvuvi.

Siku ya kufungua hupangwa wakati wa bamvua, maji yanapokupwa sana na mwamba kuonekana. Mchokoaji hutafuta maganda ya kaa na chaza yaliyorundikana mlangoni mwa pango. Hiyo ndiyo dalili ya mwenyewe kuwemo. Kijiti chembamba kinatosha kumtoa. Nondo nzito huvunja matumbawe, na pango likishavunjwa pweza mwingine hahamii hapo.

Bei ikubaliwe na mnunuzi kabla, kwa sababu pweza wengi wakifika bandarini kwa saa mbili, naye anajua hakuna barafu ya kutosha, ataishusha. Kila pweza apimwe na kuandikwa: uzito, jinsia, alikotolewa. Bara, aliye chini ya gramu 500 haruhusiwi kuvuliwa. Daftari hilo lisomwe mbele ya kijiji kabla mwamba haujafungwa tena.